Nyonga ya Mkwe

Mume wangu alikuwa mtu wa kuvua viatu akiwa wima. Anarudi kutoka mbio, anasimama mlangoni, anainua mguu mmoja, anafungua kamba, anatupa kiatu, halafu mwingine, na muda huo wote mdomo haujafungwa. Siku niliyomwona ameketi kwenye kizingiti ili avue kiatu, nilishtuka. Aliketi taratibu kama mwenye jipu, akapenyeza mkono pale paja linapokutana na tumbo, akanyamaza.

"Umeumia?"

"Ni msuli tu. Kwani mtu haruhusiwi kuketi kwake?"

Mimi si wa kujibiwa hivyo. Nilimpa vidonge vyake vya maneno hapo hapo, nikamwambia akitaka kuketi aketi, lakini asiniletee madharau na unga uko jikoni unaningoja. Alicheka kidogo. Hakusimama mpaka nilipoingia ndani, na nilipochungulia dirishani nikaona alivyosimama, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili kama mzee.

Tulikuwa tumepanga Kitengela, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati Kitengela bado ilikuwa barabara, mabati, upepo na nyumbu wanaokatiza nyuma ya ploti. Yeye alikuwa kibarua kwenye kiwanda fulani upande wa Athi River. Kila asubuhi vibarua walisimama getini, wengine wakaitwa ndani, wengine wakarudishwa nyumbani na njaa yao. Lakini kibarua aliyekimbia katika timu ya kiwanda hakurudishwa. Na mwaka huo walikuwa wameahidiwa kwamba atakayepita mchujo wa wilaya kule Kajiado ataajiriwa kabisa, na nyumba ya kampuni juu. Kwa hivyo mtu asiniambie ati alikimbia kwa tamaa. Alikimbia kwa sababu tulikuwa na mtoto mchanga na chumba kimoja chenye mabati yanayovuja.

Mvua zilipoisha, kabla hajaanza kuumwa, aliongeza mbio ghafla. Zamani alikimbia barabara ya murram, ile ya udongo, nyasi pembeni, kisha anarudi. Sasa alishika lami kuelekea Isinya, asubuhi na tena jioni akitoka kazini, kwa viatu vilivyoisha soli, na tumboni chai ya rangi. Nilimwambia, "Wewe bwana, utakufa barabarani." Akaniambia wenzake wote wanafanya hivyo.

Maumivu hayakuondoka. Yalijificha akipumzika kidogo, yakirudi yanakuja na nguvu mpya. Mama mwenye ploti, Mmasai mmoja mwenye roho safi, alikuwa akipita asubuhi ananisalimia "Takwenya," nami namjibu "Iko," halafu anamwangalia mume wangu akivuka uwanja. Siku moja akaniletea chupa ya mafuta ya kondoo. Akasema nimchue nayo yakiwa moto. Nilimchua paja lote, juu mpaka chini, naye akisema hapo, hapo, ongeza nguvu. Lakini kila nilipofika kwenye kinena alinishika mkono. Msuli ukichuliwa unalegea, hata mimi nilijua hivyo. Huu wake haukulegea. Kitu kilikuwa ndani zaidi, mahali ambapo vidole vyangu havifiki, na kilinitia hofu ambayo sikuweza kuipa jina.

Basi, kulikuwa na mtu mmoja tu katika wilaya nzima ambaye kazi yake ilikuwa nyonga, magoti na migongo ya watu. Alikuwa fizio wa hospitali kule Kajiado, amesomea, ana koti jeupe na chumba chake na kitanda chake. Wachezaji mpira walipelekwa kwake, wakimbiaji walipelekwa kwake, hata walioanguka kutoka kwenye punda. Na mtu huyo alikuwa mama yangu mzazi.

Mtu wa kwingine atasema, si ndiyo bahati hiyo? Ngoja. Kwetu magharibi mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anatoka kando na kuangalia majani. Mpaka wazee wakae, mbuzi achinjwe, ile haya ivunjwe kwa utaratibu wake kule nyumbani, na sisi tulikuwa hatujafika huko. Mama yangu aliishi Kajiado miaka mingi, akasali kanisa moja na watu wa kila kabila, akawashika mapaja wanaume wa kila aina bila kupepesa jicho. Lakini uso wa mume wangu hakuwahi kuuangalia hata siku moja. Na yeye mume wangu, akisikia sauti ya mama yangu, alikuwa anafunga hata kifungo cha shati cha shingoni.

Tuliwatembelea wazazi wangu Kajiado Jumapili moja baada ya ibada. Mume wangu akabaki nje na baba, chini ya kivuli cha nyumba, wakiongea habari za ukame. Mimi na mama tulikuwa jikoni tukikata vitunguu vya Kimana, vile vyekundu vinavyoliza hata watu wenye roho ngumu. Mume wangu akainuka kwenda choo cha nje. Mama alikuwa karibu na dirisha. Kisu kikasimama.

"Mwenye nyumba yako anaumwa wapi?"

"Msuli wa paja, Mama. Mbio."

Alimwangalia mume wangu kupitia upenyo wa kitambaa cha dirisha mpaka alipoingia, akangoja, akamwangalia tena akirudi. Niliona uso wa mama yangu ukibadilika, na sikuupenda. Ulikuwa uso wa kazini.

"Nenda umwambie asimame kwa mguu huo peke yake, aruke. Mara moja tu. Halafu uje uniambie."

Nilitoka, nikamwita mume wangu kando. Aliponisikia alitoa macho. "Mimi? Niruke kama chura kwa boma la mama mkwe? Umerogwa?" Nikamvuta nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo dirisha halioni, nikamwambia asiporuka nitapiga mayowe baba aje. Akaruka. Alipotua, mguu haukumbeba. Alilikumbatia lile tangi kwa mikono yote miwili, akafunga macho, midomo ikawa ya kijivu, na hakutoa sauti hata kidogo.

Nikarudi jikoni nikaeleza. Mama akafuta mikono kwa aproni polepole.

"Huo si msuli. Mfupa wa paja uko na shingo pale juu unapoingia kwenye nyonga. Mtu akiongeza mbio ghafla, ardhi ngumu, chakula kidogo, hapumziki, ile shingo inapata ufa. Ufa mwembamba kama unywele. Akiacha kuukanyaga, unapona. Akiendelea, siku moja unakatika, na ukikatika unakata na damu inayolisha kichwa cha mfupa. Unanielewa? Achukue magongo. Asingoje kesho."

"Na mchujo?"

"Ni mchujo gani huo nawe, nami nakuambia mguu!"

Alienda eksirei, hilo sikatai. Nilimsukuma mpaka akaenda. Picha ikatoka safi. Daktari akaishika kwenye mwanga, akasema haoni kitu, pengine ni msuli wa kinena umevutika, apumzike kidogo. Mume wangu alirudi Kitengela anapiga mluzi. Mama aliposikia, aliandika neno kwenye karatasi ndogo, akampa jirani aliyekuwa akija sokoni: picha ya mwanzo mara nyingi haioni ufa, irudiwe baada ya majuma kadhaa, na hapo katikati magongo. Aliandika pia kwamba mguu huo unataka kupimwa kwa mikono ya fizio. Kulisoma hilo neno la mwisho kulikuwa kama kusoma tusi. Mume wangu aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye jiko la makaa.

"Mimi nivue suruali, mama yako anishike hapa? Wewe umesikia wapi hiyo?"

"Nairobi je? Kuna mafizio wa kiume Nairobi."

"Baada ya mchujo."

Kila kitu kilikuwa baada ya mchujo. Wiki zikaenda. Alikuwa ameanza kuamka usiku kwa maumivu hata bila kukimbia, akidhani nimelala. Jua lilikuwa kali, nyasi zimeisha, mizoga ya ng'ombe imelala kando ya barabara ya Kajiado, na yeye anapita hapo kila asubuhi anakimbia huku amemeza vidonge vya maumivu. Mimi nilikuwa namsubiri dirishani, mtoto mgongoni, na kila alipochelewa nilitoka mpaka barabarani kumwangalia.

Aliyemtoa pangoni si mimi. Ni kocha wa timu ya kiwanda. Kocha alimwona akichechemea, akamwambia asipopimwa na fizio hakimbii, atalitoa jina lake kwenye orodha aweke la mwingine. Ndipo mume wangu akaniuliza, sauti ya chini, macho kwenye sakafu, kama mama anaweza kumpima bila kumwona.

Mama alifikiri jambo hilo wiki nzima. Kisha akasema tuje Jumamosi mchana, wagonjwa wakishaondoka.

Chumba chake kilikuwa na pazia la kijani lililogawa kitanda na meza. Mama aliketi upande wa meza, kiti amekigeuza kuelekea ukutani, pazia limefungwa. Ndipo mume wangu akaingia kwa mlango wa baraza. Wakasalimiana kupitia mimi. "Mwambie mama nimemsalimia." "Mwambie mkwe wangu nimepokea, karibu." Nusu yangu ilitaka kucheka. Nusu nyingine ilikuwa na baridi, na ilikuwa mchana wa Kajiado.

Alilala chali na kaptura yake. Mama akaniongoza mikono kwa sauti, kama anayemwelekeza kipofu jikoni.

"Kunja goti, paja lisimame liangalie dari. Sawa? Sasa shika kisigino. Goti libaki hapo hapo, kisigino ukivute kije upande wa nje. Polepole, mama. Polepole kabisa."

Nilivuta. Mguu ulikuja kidogo tu, ukakataa. Si kukataa kwa mtu anayebana. Ulikuwa unakataa wenyewe, ndani.

"Umefika wapi?"

"Umekataa, Mama."

Kiti cha mama kikalia upande wa pili. Kisha, "Ujaribu mguu mzima." Nikajaribu, ukaenda vizuri. "Rudi kwa ule mbaya. Vuta mpaka mwisho wake, halafu umuulize anasikia nini."

Nikavuta. Mume wangu alishika kingo za kitanda, mishipa ya shingo ikasimama, jasho likamtoka kwenye paji la uso, likashuka likaingia masikioni. Alikuwa ameuma mdomo wa chini. Niliona damu kidogo. Halafu akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayesoma Biblia mbele ya waumini.

"Mwambie mama siumwi. Mguu uko sawa."

"Muongo!" nikapaza sauti. "Mama, huyu mtu analowa jasho hapa! Amejiuma mdomo mpaka damu!"

"Mke wangu ni mwoga tu," akasema, akiangalia dari. "Mama asiwe na wasiwasi. Sisikii kitu."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumefanya. Kipimo chote kilitegemea mtu kusema aah. Na mwanaume wa kwetu hawezi kusema aah, akiwa amelala nusu uchi, mama wa mke wake akisikiliza. Hata angekatwa. Na huyo mama naye, upande wa pili, hawezi kumwambia mkwe wake amedanganya. Hilo ni tusi linaloitisha wazee. Nikashika pazia. Nilitaka kulifungua, amwone kwa macho yake, yaishe.

"Usithubutu," mama akasema. Alikuwa amesikia pete za pazia zikigongana.

"Mama, mwangalie tu!"

"Nimesema usithubutu kulifungua hilo pazia."

Tukakaa hivyo, watu wazima watatu, na mmoja anavuja damu mdomoni. Kisha nikamsikia mama akivuta pumzi, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake: "Basi. Mkwe wangu akisema haumwi, haumwi."

Mume wangu akafunga macho kwa shukrani.

Alipotoka nje mama alinishika mkono mpaka ukaniuma. Akaniambia mguu huo umepasuka, nimzuie kwa vyovyote, nifiche viatu, nijifanye mgonjwa, niseme lolote. Nikamwambia, "Mwambie wewe!" Akaniachilia mkono. Nilimfuata kocha mwenyewe uwanjani nikamweleza yote, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mama, mzee mwenyewe ameniambia amepimwa na mama mkwe wake akaambiwa haumwi. Sasa nimsikilize fizio au nikusikilize wewe?" Viatu nilivificha, haki ya Mungu, chini ya gunia la makaa. Akaazima vya mwenzake.

Siku ya mchujo uwanja wa Kajiado ulikuwa vumbi tupu. Hospitali ilikuwa imetuma watu wa huduma ya kwanza, na mama alikuwa mmoja wao, na koti lake jeupe, kando ya kamba. Nilimwona mapema. Hakuwa anaangalia wakimbiaji wengine. Alikuwa anahesabu hatua za mtu mmoja kwa midomo, na kila kundi lilipozunguka upande wake aliinamisha macho kwa heshima, halafu wakipita akayainua tena na kumwangalia mgongoni.

Mume wangu alikimbia vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alikuwa katika wale wa mbele, uso mkavu kama amelala, watu wa kiwanda wanapiga makofi. Karibu na kona ya mwisho, bila kuguswa na mtu, mguu ukamkataa. Akaenda chini kwa ubavu. Wenzake wakamruka. Alijaribu kuinuka kwa mikono, na mguu ule ukabaki pale pale, mfupi kuliko mwenzake, wayo umelalia nje kabisa kama wa mwanasesere aliyetupwa.

Aliangukia upande wa mama.

Mama alitazama huku na huku. Mwenzake wa huduma ya kwanza alikuwa upande wa pili wa uwanja, anakimbia, bado mbali. Mimi nilikuwa naruka kamba na mtoto mgongoni. Nikaona mama yangu akisimama pale kwa muda, mkono kwenye kamba. Halafu akainama, akapita chini yake. Mwanamke mmoja wa kwetu aliyekuwa karibu yangu alipoona hivyo akajifunika uso kwa leso.

Alipiga magoti kwenye vumbi, akatoa mkasi, akapasua kaptura mpaka kiunoni mbele ya watu wote. Akaweka mkono mmoja juu ya nyonga na mwingine chini ya goti. Mume wangu alikuwa amejifunika macho na viganja.

"Mwanangu," mama akasema. Akasema naye, moja kwa moja. "Toa mikono. Niangalie mimi."

Akaitoa. Akamwangalia.

Tuliingizwa nyuma ya gari la hospitali, yeye kwenye machela, kichwa chake mapajani mwangu, na mama ameushika ule mguu kwa mikono miwili usitikisike kwenye mashimo. Barabara ilikuwa mbovu. Mama akaanza kumuuliza maswali, kwa utaratibu, kama anavyomuuliza mgonjwa yeyote.

"Ulianza lini?"

"Kabla ya Krismasi, mama."

"Ulikuwa unauma ukipumzika?"

"Ndiyo, mama. Mpaka nikilala."

"Na siku ile kwangu, alipokuvuta kisigino?"

"Uliuma sana, mama. Nilikuwa karibu kuzimia."

"Uliuma wapi hasa?"

"Hapa ndani, mama. Kwenye kinena, unateremka mpaka gotini."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kila jibu lilikuwa lile alilolihitaji. Kisha akamwambia, bila kumficha, kwamba mfupa umekatika shingoni, kwamba watampeleka Nairobi wautie misumari, lakini damu ya kichwa cha mfupa pengine imekwisha kukatika, na mguu huo hautakimbia tena, na hata kutembea nao hawezi kumwahidi.

"Asante, mama," mume wangu akasema.

"Si kitu, mwanangu."

Waliongea hivyo njia yote mpaka getini. Mimi nilikuwa nimebeba kichwa chake na nalia, na huku nalia nilitamani kukipiga kofi, kisha ningoje gari lisimame nimgeukie na mama yangu mzazi naye nimpige lake, Mungu anisamehe, kwa sababu sasa walikuwa wanaelewana vizuri sana.